Raundi ya pili si dirisha la pili: kabla mama hujasaini ED II

*Sehemu ya 1*

Wiki hii siandiki kuhusu homa wala vikohozi, ingawa najua msimu ndio wake. Tangu katikati ya Desemba inboksi yangu imejaa swali moja tu: "Dada nesi, mtoto amekataliwa kile chuo alichoomba mapema. Mshauri wa shule anasema kuna raundi ya pili, mwisho mwanzoni mwa Januari. Tusaini?"

Nimejibu mmoja mmoja mpaka vidole vimechoka. Sasa naandika hapa kwa pamoja, posti baada ya posti, kila mmoja achukue kinachomfaa. Naongea na sisi tunaolea watoto hapa Marekani, Watanzania, Wakenya, Wakongo, wote tunaoelewana kwa Kiswahili. Mimi ni nesi, si afisa udahili. Lakini kazi yangu imenifundisha jambo moja kuhusu fomu na sahihi, na ndilo lililonisukuma kuandika.

Msimamo wangu nautoa mapema ili asiye na muda asisubiri: raundi ya pili ni nzuri kwa mtoto ambaye chuo kile angekitaka hata kama lile jibu la Desemba lisingemuumiza, na kwa mama ambaye ameshaiona bei kwa macho yake. Kama moja kati ya hayo mawili halipo, usisaini. Mwache aombe chuo hichohicho kwa njia ya kawaida.

Sasa tuelezane kwa nini.

*Sehemu ya 2: Hii kitu ni nini hasa*

Sisi tuliosoma nyumbani tukisikia "raundi ya pili" akili inakimbilia dirisha la pili la TCU. Kule dirisha la pili ni nafasi nyingine ya bure: ulikosa la kwanza au ulichelewa, unaomba tena, vyuo kadhaa kwa mpigo, na ukichaguliwa zaidi ya kimoja unathibitisha unachokitaka wewe. Waliotokea Kenya nao wanakumbuka KUCCPS na nafasi ya kubadilisha machaguo. Kule TCU, unaamua ukiwa umeshaona ulichopewa.

Huku ni kinyume chake. Raundi hii fomu inaiita Early Decision II, watu wanasema ED II, na ndani yake mtoto anathibitisha KABLA hajachaguliwa. Anaahidi kwa maandishi kwamba wakimchukua, anaenda, na maombi mengine yote aliyotuma anayafuta. Fomu hiyo wanasaini watu watatu: mtoto, mzazi, na mshauri wa shule.

Kalenda yake iko hivi. ED ya kwanza hutumwa mwanzoni au katikati ya Novemba, majibu katikati ya Desemba. ED ya pili hutumwa kati ya tarehe 1 na 15 Januari kwa vyuo vingi, majibu karibu na katikati ya Februari. Maombi ya kawaida nayo mengi hufungwa hapohapo mwanzoni mwa Januari, lakini majibu yake huja kuelekea mwisho wa Machi, na mtoto ana mpaka tarehe 1 Mei kuchagua.

Si kila chuo kina raundi hii. Vile vinane vya Ivy League havina. Vanderbilt, Emory, NYU, Tufts, University of Chicago, Swarthmore na Bowdoin ni baadhi ya vilivyo nayo. Halafu msichanganye na Early Action. Hiyo ni kuomba mapema na kujibiwa mapema, bila ahadi ya lazima kwenda. Herufi moja tu inabadilika, ED na EA, lakini moja inafunga na nyingine haifungi. Mama, kabla ya chochote, angalia ni ipi iko kwenye fomu ya mwanao.

*Sehemu ya 3: Sahihi ni ridhaa*

Hospitalini kabla ya upasuaji kuna fomu ya ridhaa. Daktari anaeleza, mgonjwa anasaini, na mara nyingi nesi ndiye shahidi wa ile sahihi. Yapo mambo ambayo nesi akiyaona anasimamisha kalamu. Mgonjwa ameshapewa dawa ya kulevya akili? Ngoja. Mgonjwa anatikisa kichwa lakini ukimuuliza anafanyiwa nini hajui? Ngoja, daktari arudi aeleze upya. Mgonjwa haelewi Kiingereza vizuri? Aitwe mkalimani. Na mkalimani huyo asiwe mtoto wake. Huku kanuni ziko wazi, isipokuwa ni dharura mtoto mdogo hatumiki kumtafsiria mzazi mambo ya matibabu. Mtoto hana maneno yote, ana hofu zake, na mara nyingine anaficha ili mama asiumie.

Sasa geukeni mtazame fomu ya ED kwenye nyumba zetu. Nani anaitafsiri? Mtoto. Mtoto huyohuyo anayekitaka chuo hicho kwa moyo wote. Anakuja na laptopu saa nne usiku, mama ndiyo kwanza anavua viatu vya kazi: "Mama, weka jina lako hapa, ni fomu ya shule tu." Si kwamba anadanganya. Kwake yeye kweli ni fomu ya shule. Sehemu inayosema tunaahidi kwenda anaipitia haraka kwa sababu kwake hiyo ndiyo habari njema.

Ninachoomba ni kidogo. Kama Kiingereza cha makaratasi kinakupa shida, piga simu shuleni uombe mkalimani. Shule ya umma inapaswa kukusaidia kwa lugha unayoielewa, tena bila kukutoza. Usione aibu. Kaa na mshauri wa shule, mtoto akiwepo, muulize maswali matatu tu: Tukikubaliwa, tunalazimika nini? Bei tutaijua lini? Tukishindwa kulipa, tunatokaje? Ukitoka hapo ukaweza kumweleza dada yako kwa simu majibu yote matatu kwa Kiswahili chako, hapo umeelewa. Unaweza kusaini au kukataa, vyote ni sawa.

*Sehemu ya 4: Bei ipo kabla ya kusaini*

Hapa ndipo wengi hawajui, kwa hiyo nakwenda taratibu.

Vyuo binafsi vingi vya namna hii, ukijumlisha ada, malazi na chakula, vimepita dola 80,000 kwa mwaka. Hiyo ni bei ya ubaoni. Bei yako wewe ni nyingine, inatokana na kipato chako na mali zako. Tangu mwaka 2011 sheria inataka kila chuo kinachopokea pesa za msaada za serikali kuu kiwe na kikokotoo kwenye tovuti yake. Watanzania msishtuke, si kile kikokotoo cha mafao ya wastaafu kilichotutoa jasho. Hiki unaingiza kipato, idadi ya watu nyumbani, akiba, kinakupa makadirio ya mtakachotakiwa kulipa. Ni bure, wala hakuna sahihi.

Lakini kina mambo yake, na mengi yanatugusa sisi.

Kwanza, ovataimu. Kwa mtoto anayeanza chuo Agosti 2026, fomu ya FAFSA inatazama kodi ya mwaka 2024. Kama 2024 ulikuwa unabeba zamu za ziada ili umalize deni la gari, kwenye karatasi wewe ni tajiri wa 2024, hata kama leo mgongo umekataa na zamu umepunguza. Ofisi ya misaada ya chuo unaweza kuiandikia ueleze kipato kilivyobadilika. Lazima uandike wewe, hawatajua wenyewe.

Pili, bibi. FAFSA inawahesabu watu unaowatunza wanaoishi na wewe. Bibi aliye Mbeya au Kisii unayemtumia dola 200 kila mwezi hahesabiwi. Wadogo zako unaowasomesha hawahesabiwi. Vyuo vingi binafsi vinataka pia fomu nyingine, CSS Profile, na ile ina sehemu ya kueleza hali maalumu. Iandikeni hiyo pesa ya nyumbani. Kuna ofisi zitaisikiliza, zipo zitakazoipita, lakini isiyoandikwa haisikilizwi na yeyote.

Tatu, kiwanja. Kile cha Kigamboni au Kitengela kilicho kwa jina lako ni mali. Nyumba unayoishi FAFSA haiihesabu, lakini kiwanja na nyumba nyingine vinahesabiwa kama uwekezaji, hata kama hakijatoa hata shilingi.

Nne, nyumba zilizogawanyika. Vyuo vingi vinavyotumia CSS Profile vinataka taarifa za baba na mama wote wawili hata kama mmeachana. Kama baba hajulikani alipo au kumtafuta ni hatari, kuna fomu ya kuomba asihesabiwe. Inachukua muda, kwa hiyo isiachwe mpaka siku ya mwisho.

Mwisho, kikokotoo hukosea zaidi pale mzazi anapokuwa na biashara yake, nyumba ya kupangisha, au wazazi wametengana. Baba anaendesha lori lake mwenyewe? Hiyo ni biashara. Kwa nyumba kama hizo, piga simu ofisi ya misaada uulize kama wanaweza kukukadiria kabla ya kusaini. Vipo vyuo vinakubali.

Na ile CSS Profile ina malipo, lakini familia yenye kipato kisichozidi dola 100,000 haitozwi kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza wa hapa nchini. Usilipe kama hupaswi kulipa.

*Sehemu ya 5: Inamfaa nani*

Watu hudhani raundi ya kufunga ni ya matajiri na maskini akae mbali. Mimi naona si hivyo moja kwa moja.

Chukua familia ya watu sita iliyotoka Kongo, baba yuko ghalani, mama anasafisha hoteli, kipato ni kidogo na akiba hakuna. Mtoto wao ana alama nzuri. Vyuo kama Vanderbilt, Swarthmore na Bowdoin vinaahidi kufidia hitaji lote vinavyolikokotoa vyenyewe kwa mwanafunzi wa hapa aliyekubaliwa, bila kuweka mkopo kwenye kifurushi. Kwa nyumba hiyo kikokotoo kinaweza kuonyesha bei ndogo kuliko hata chuo cha jimbo. Wakisaini wanapoteza nini? Kidogo sana. Kama mtoto anakipenda chuo, na namba wameiona, mimi ningewaambia endeleeni.

Anayepaswa kuogopa zaidi ni sisi wa katikati. Mama RN, baba fundi umeme, ovataimu zipo, nyumba ya mkopo ipo, watoto watatu. Kwenye karatasi tunaonekana tuna nacho, mfukoni kila dola ina mwenyewe. Nyumba kama hii kinachoiokoa ni kulinganisha: chuo hiki kimetoa ufadhili wa alama, kile cha jimbo kiko karibu, huyu apewe barua ya yule aulizwe kama anaweza kuongeza. Ukisaini ED, mezani kuna barua moja tu.

Tupige hesabu kwa lugha ya zamu. Tuseme chuo cha ED kinataka mlipe 42,000 kwa mwaka, na chuo cha jimbo kingewatoza 24,000. Tofauti ni 18,000, kwa miaka minne 72,000. Kama unalipwa dola 45 kwa saa, hizo ni saa 1,600, yaani zamu 133 za saa kumi na mbili, tena kabla kodi haijakatwa. Zamu 133 juu ya zile unazofanya sasa. Labda chuo hicho kinastahili. Mimi sikuamulii. Nasema tu uzione hizo zamu kabla ya sahihi, si baada.

Na msitegemee kwamba pengo litazibwa na mkopo wowote ule. Mtoto anayemtegemea mzazi anakopeshwa na serikali kuu dola 5,500 tu mwaka wa kwanza. Mkopo wa mzazi, ule wa Parent PLUS, kwa wakopaji wapya kuanzia Julai 1, 2026 umewekewa kikomo: 20,000 kwa mwaka na 65,000 kwa mtoto mmoja kwa jumla. Zamani watu walikuwa wanajaza pengo lote kwa mkopo huo. Mlango huo umepunguzwa.

*Sehemu ya 6: "Lakini nafasi ni kubwa zaidi!"*

Hii ndiyo hoja ninayoletewa, na ni hoja ya kweli. Vipo vyuo vinavyojaza nusu ya darasa au zaidi kupitia ED. Chuo kinapenda mtoto mwenye uhakika wa kuja. Dada mmoja aliniandikia: "Watoto wa wenye nacho wanaitumia njia hii miaka yote, sisi tukiogopa ndiyo tunabaki nyuma." Ana haki ya kusema hivyo.

Majibu yangu ni mawili.

La kwanza, ile asilimia ya ED mnayoiona si yote ya mtoto wako. Ndani yake wapo wanamichezo walioitwa na makocha na watoto ambao wazazi wao walisoma hapohapo. Kila mwaka vyuo vingi hutoa majedwali yanayoitwa Common Data Set. Tafuta sehemu ya C21, utaona waliomba wangapi na wakachukuliwa wangapi kwa ED. Ila hapo raundi zote mbili zimechanganywa. Kwa hiyo mtu akikuambia raundi ya pili inaongeza nafasi mara tatu, muulize namba hiyo kaitoa wapi.

La pili, nafasi kubwa ya kupata kitu usichoweza kukilipia si nafasi, ni mtego. Na mama wa mtoto wa tajiri anayesaini bila kuuliza bei hajatuzidi ujasiri. Bei haimgusi, basi. Tukimuiga kwa sahihi bila kuwa na akaunti yake tunaumia. Hata huku wenyewe wanalumbana juu ya mfumo huu: Agosti 2025 ilifunguliwa kesi kwenye mahakama ya shirikisho huko Massachusetts dhidi ya vyuo 32, walalamikaji wakidai ED inaua ushindani na kupandisha bei. Ni madai, siyo hukumu. Ila inaonyesha kwamba kuuliza juu ya bei si ushamba wa wahamiaji.

Iko sababu moja nzuri ya raundi ya pili isiyohusu asilimia. Kama mtoto alianza darasa la kumi na mbili kwa nguvu, alama za muhula wa kwanza zimepanda, ED ya pili inampa nafasi ya kuzionyesha, nafasi ambayo Novemba hakuwa nayo. Huyo amebadilika kweli, na chuo kitamwona alivyobadilika.

*Sehemu ya 7: Mtoto mwenyewe*

Sasa tuache hela.

Mtoto aliyekataliwa Desemba ana msiba. Tusimwambie "hicho si kitu" wala "angalia wenzio kule nyumbani wanavyotembea kilomita ngapi". Wenzake darasani wameshavaa sweta za vyuo vyao, yeye anajifungia chumbani. Halafu ndani ya wiki mbili au tatu anaambiwa chagua kingine, saini tena. Mtu mwenye maumivu makali atakubali chochote kinachoahidi kuyatuliza. Ndiyo maana wodini hatuleti kalamu wakati huo.

Utamjuaje kama anakitaka chuo cha pili, au anataka tu kuacha kuumia? Muulize hivi, mkiwa jikoni au kwenye gari, si mezani kama mahojiano: "Kama kile cha kwanza kingekukubali, hiki ungekikumbuka?" Halafu: "Niambie mambo matatu ya hapo ambayo si jina lake." Anayekitaka atakuambia maabara fulani, kozi, mji, jinsi darasa lilivyo dogo. Anayeumia atasema, "Ni kizuri, kila mtu anakijua, nataka tu haya mambo yaishe." Huyo wa pili mpe chai, mpe siku kadhaa, mpe usingizi. Kalenda inaruhusu. Wengi wana mpaka Januari, na si lazima uamuzi ufanyike usiku uleule wa jibu.

Na kuna ambao hawakukataliwa, wamewekwa kiporo. Chuo cha kwanza kimesema tutakutazama tena na wale wa kawaida. Kiporo kinaondoa ile ahadi ya mwanzo, kwa hiyo mtoto yuko huru kufanya ED ya pili kwingine. Lakini ajue, wakimchukua Februari, kiporo chake inabidi akimwage. Hatasubiri Machi aone. Kama bado usiku anaota chuo cha kwanza, basi hayuko tayari kusaini cha pili. Mwambie aandike barua ya kueleza bado ana nia, atume alama mpya, na hivyo vingine aviombe kwa kawaida.

*Sehemu ya 8: Cha kufanya wiki hii*

Nawawekea kwa mpangilio, mtu apige picha ya skrini.

1. Hakikisha ni ED au EA. Soma fomu, si maneno ya rafiki yake.

2. Fungua kikokotoo cha chuo hicho ukiwa na karatasi za kodi mkononi. Ingiza namba za kweli, si za kukisia. Kaa na baba yake, au na yeyote anayebeba mzigo na wewe. Andika jibu kwenye karatasi, zidisha kwa nne, tena mjue bei huwa inapanda mwaka hadi mwaka.

3. Mwonyeshe mtoto hiyo namba. Najua kwetu mambo ya hela hayaongelewi na watoto. Lakini mtoto wa miaka 17 anayeombwa kusaini ahadi ya miaka minne anastahili kujua ahadi hiyo ina uzito gani kwa mama yake na kwa wadogo zake.

4. Maombi ya kawaida yatumwe yote, ikiwemo chuo cha jimbo lenu, hata kama mnasaini ED. Majibu ya ED ya pili yanatoka katikati ya Februari, na wakati huo milango mingi imeshafungwa. Mtoto asibaki na yai moja kwenye kapu.

5. FAFSA na CSS Profile zijazwe kwa tarehe ya ED, si ya kawaida. Ukichelewa, majibu ya msaada yanaweza kuchelewa na utabanwa uamue bila namba.

6. Wakikubali na namba ikaja kubwa kuliko kikokotoo, usilie kimyakimya na usilipe amana. Andika barua kwa ofisi ya misaada siku ileile, eleza, ambatisha ushahidi, waombe waangalie upya. Mkataba wa ED wa Common App unasema wazi kwamba mwanafunzi aliyeomba msaada akapewa usiomwezesha kuhudhuria anaweza kukataa nafasi na kuachiliwa. Mlango huo upo kwa sababu ya bei, haupo kwa sababu ya kubadilisha mawazo. ED ni ahadi ya heshima, na mshauri wa shule ameweka jina lake pia. Kwa hiyo msisaini mkiwa tayari mnapanga kuuvunja.

*Sehemu ya 9: Wenye watoto wadogo, na neno la mwisho*

Mdogo wangu mwenye mtoto wa chekechea, umesoma mpaka hapa ukisema haya si yangu. Chukua mawili tu. Mwaka wa kodi unaotazamwa unaanza Januari mtoto akiwa darasa la kumi. Uandike mahali, ili mwaka huo ukifika ujue kila ovataimu unayobeba inasomwa na mtu. Na lugha ya nyumbani kuhusu chuo ianze mapema: usimjaze mtoto jina la chuo kimoja tangu akiwa na miaka sita. Mpe vyuo vitano vya kupenda. Anayependa vitano hafi moyo Desemba kama anayependa kimoja.

Na kwa wale ambao watoto wao wanataka uuguzi, nasema kama mtu wa ndani: kwenye NCLEX-RN mtihani ni uleule kwa aliyetoka chuo cha jamii cha miaka miwili na aliyetoka chuo kikuu cha dola 80,000. Shahada inaweza kukamilishwa baadaye ukiwa kazini, na waajiri wengi huchangia ada. Kama kozi ndiyo hii, mimi sioni sababu ya kufungwa na bei ambayo haijaonekana.

Nimalizie nilipo. Siipingi raundi ya pili. Napinga sahihi ya mama iliyowekwa saa nne usiku, kwa tafsiri ya mtoto mwenye machungu, chini ya bei ambayo hakuna mtu nyumbani ameitazama. Mama ambaye amekaa na kikokotoo, akamuuliza mshauri yale maswali matatu, na mwanawe anakitaka chuo hicho kwa sababu zake mwenyewe, asaini na amani, na mimi nitampigia vigelegele Februari. Ambaye hajafika hapo, kuomba kwa kawaida si kushindwa wala si kumnyima mtoto bahati. Machi si mbali.

Mlio na maswali, andikeni hapa chini, msije inboksi, ili na mwingine anufaike. Msiweke jina la mtoto wala kipato chenu hadharani. Kesho kutwa narudi kwenye vikohozi, nimeona wengi mnawapa watoto dawa za watu wazima na tunahitaji kuongea.